Mnunuzi wa Mdalasini

Mwanaume mmoja anafanya nini na mdalasini wote ule?

Swali hilo lilinikaa kichwani wiki nyingi. Nilikuwa na meza yangu ya viungo Soko Kuu la Morogoro, upande wa wauza nazi. Niliuza hiliki, karafuu, binzari, pilipili manga, na mdalasini ulioshuka kutoka Matombo, shambani kwa mjomba wangu Abdulswamad. Wateja wangu niliwajua. Nilijua nani anapikia pilau za harusi, nani anauza chai ya tangawizi stendi, na nani anapika uji wa mgonjwa. Ila huyu kaka mrefu, mwenye shati la kazi na vumbi jekundu kwenye viatu, alinishinda.

Alikuja kila wiki. Alisimama mbele ya meza, akaokota ganda moja la mdalasini, akalinusa, kisha akanunua fungu zima. Hakuomba nipunguze bei wala hakuulizia kitu kingine. Akishapiga hatua kadhaa aligeuka, akanitazama kama mtu aliyesahau jambo, halafu akapotelea kwenye watu.

"Mganga huyo, shoga," alisema Mwanaasha, muuza nazi, jirani yangu wa meza. "Mdalasini wote ule ni dawa ya mapenzi. Anatengenezea watu."

"Mganga gani anavaa kitambulisho cha serikali shingoni?"

"Kwani mganga hapendi mshahara?"

Nilicheka, lakini usiku ule nililala nikimuwaza. Sikuwa namuwaza kwa ubaya wala kwa mapenzi, au ndivyo nilivyojiambia. Nilitaka kujua tu.

Na siku zile kujua kulikuwa kunanisumbua kwa sababu nyingine. Mjomba Abdulswamad alikuwa ameleta neno nyumbani. Alitaka niolewe na mwanawe, binamu yangu Abasi. Baba yangu alishafariki, na hata angekuwa hai, kwetu Waluguru mjomba akitamka jambo juu ya mtoto wa dada yake, halipiti hivi hivi. Alikuwa amenipa muda wa kufikiri. Jumapili, baada ya swala ya alasiri, angekuja Mwembesongo kuchukua jibu langu.

Abasi hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonitesa. Angekuwa mlevi au mgomvi, ningekataa na kila mtu angenielewa. Lakini alikuwa mpole, mchapakazi, na nilimjua tangu tukiwa watoto tukioga mtoni pamoja. Nilijua anavyocheka, anavyokohoa, anavyokasirika. Nilipofikiria kuolewa naye, niliona maisha yangu yote mpaka mwisho, kama chumba ambacho nimeshakizunguka chote.

Alhamisi ile kaka wa mdalasini alipokuja, ulimi wangu ulinitangulia.

"Kaka, samahani. Huu mdalasini unaupeleka wapi?"

Alishtuka. Mkono wake ulibaki hewani na ganda puani.

"Nyumbani," alisema.

"Najua ni nyumbani. Unaufanyia nini?"

Alinitazama, akatazama meza, akamtazama Mwanaasha ambaye alikuwa ameacha kukuna nazi ili asikie vizuri.

"Napika," akasema hatimaye. "Kuna kitafunwa... unga unasukumwa kama chapati, unapakwa siagi, unanyunyiziwa sukari na mdalasini, unakunjwa, unakatwa vipande, unaokwa."

"Unapika wewe mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Ni kitamu?"

"Sana." Alimeza mate. "Nitakuletea siku moja, dada..."

"Mwaisha."

"Mwaisha," alirudia taratibu, kana kwamba anajaribu kama jina linamtosha mdomoni. "Mimi naitwa Mikidadi."

Sijui nilipata wapi ujasiri ule. Labda ni ile Jumapili iliyokuwa ikinikaribia. Nilisema, "Usiniletee. Njoo upike kwetu nione. Jumapili, baada ya adhuhuri. Mama yangu yupo."

Mwanaasha aliangusha kifuu.

Mikidadi alilirudisha ganda mezani. Kisha akaitikia kwa kichwa, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa polisi.

*

Mama yangu, Bi Zuleha, nilimwambia usiku wakati tunakula. Nilitegemea anigombeze. Aliweka tonge chini.

"Mwanaume? Anakuja kupika jikoni kwangu?"

"Ndiyo, mama."

"Siku ambayo mjomba wako anakuja kuchukua jibu."

"Atakuwa ameshaondoka."

Alinitazama usoni kwa macho yale ambayo tangu utotoni sijawahi kuyaficha kitu. "Unampenda?"

"Simjui, mama. Nataka tu kujua anafanya nini na mdalasini."

"Mh," alisema mama. Akala kidogo. Kisha, bila kunitazama: "Nimekulia ndani ya mdalasini. Nimeutia kwenye chai, nimeutia kwenye pilau. Kwenye kitu kikavu cha unga na sukari sijawahi. Hebu aje. Na mimi nataka kuona."

Jumapili Mikidadi alifika akiwa na shati jeupe lililonyooshwa mpaka likawa kama karatasi. Mkononi alikuwa na mfuko wenye unga wa ngano, sukari na siagi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Jiko lile pale uani."

Alitazama jiko la mkaa, akatazama kushoto na kulia.

"Mnapikia mkaa?"

"Ulitaka tupikie nini, mwanangu?"

"Hapana, mama. Mkaa ni mzuri."

Mama alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, ungo wa mchele mapajani. Mimi nilichutama kuwasha moto. Mikidadi alikunja mikono ya shati, akamimina unga kwenye bakuli. Hakuvua saa. Hilo nililiona. Kisha akatia siagi yote kwa mkupuo, akachukua jagi la maji na kumwaga kama mtu anayemwagilia maua. Mama aliacha kuchambua mchele.

Mikidadi alitumbukiza mikono, na unga ukamshika mpaka kwenye viwiko. Aliongeza unga, ukawa mgumu. Aliongeza maji, ukawa uji. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na alipojifuta alibaki na mstari mweupe juu ya nyusi.

Mama aliinuka. "Nakwenda kwa jirani kuomba chumvi," alisema, na chumvi ilikuwa pale pale dirishani. Aliacha mlango wa uani wazi.

Nilisogea.

"Mikidadi."

"Eeh."

"Hujawahi kupika hiki kitu."

Mikono yake ilisimama ndani ya bakuli. Kwa mara ya kwanza nilimwona kwa karibu. Alikuwa na kope ndefu kama za mtoto, na kovu dogo kidevuni. Niliona pia kwamba hataweza kudanganya tena.

"Hata chai naunguza," alisema. "Nimeangalia video kwenye simu tangu Alhamisi. Nimeangalia mpaka bando limeisha. Nilidhani ni rahisi. Yule mama kwenye video anaongea huku anacheka, na unga unamtii tu."

"Na mdalasini wote ulionunua?"

"Upo."

"Upo wapi?"

"Chumbani. Chini ya kitanda, kwenye beseni. Beseni lilijaa, sasa upo na kwenye sanduku la nguo. Ofisini wananiuliza natumia manukato gani."

Nilitaka kucheka. Badala yake niliuliza:

"Kwa nini?"

"Mwaisha, mezani kwako kuna pilipili manga. Nikiinusa napiga chafya. Kuna karafuu, zinanikumbusha daktari wa meno. Mdalasini peke yake ndio ningeweza kusimama naunusa bila haraka, huku..." Aliinamisha kichwa. "Huku nakuangalia. Mimi mgeni mji huu. Nimehamishiwa ofisi ya ardhi, sina ndugu hapa. Siku ya kwanza nilipita tu sokoni. Ulikuwa unamfokea mtu aliyekuletea karafuu zenye vijiti, halafu mtoto wa mteja akaanza kulia, ukamchekea. Vyote kwa wakati mmoja. Nikasema, huyu ni mtu wa namna gani? Tangu siku hiyo sijapata jibu, nikawa narudi."

Moyo wangu ulipiga paa. Lakini hasira nayo ilikuwepo, nisiseme uongo.

"Ungeniuliza," nilisema. "Mdomo unao. Umemdanganya mama yangu. Anasubiri kuonja kitu ambacho hakipo. Leo, Mikidadi, katika siku zote, leo nilihitaji mtu aseme kweli."

"Leo kuna nini?"

Nikamwambia. Nilimweleza habari ya Abasi, ya mjomba, na ya jibu. Alinisikiliza, unga ukikauka kwenye vidole vyake. Nilipomaliza alikung'uta vidole. Aliinuka, akaenda mpaka kwenye kona ya nyumba ambako mama alikuwa amesimama, bila chumvi na bila jirani.

"Mama," nilimsikia akisema, "nimekudanganya. Sijui kupika. Mdalasini nilikuwa nanunua ili nimwone binti yako. Naomba radhi. Nikiambiwa niondoke, naondoka sasa hivi."

Kuku walikuwa wakiparura. Juu ya paa za bati milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika ukungu kiunoni.

"Nilijua ulipomwaga maji," alisema mama. "Nawa mikono. Vua hiyo saa. Mwaisha, leta unga mwingine."

*

Sitaisahau saa ile. Mama hakukijua kitafunwa, Mikidadi hakuwa na mikono ya kukipika, na mimi nilikuwa katikati.

"Kwenye video siagi ilikuwa ngumu," Mikidadi alikumbuka. "Baridi."

"Basi itumbukize kwenye maji ya mtungi kwanza," mama aliamua. "Haya. Sasa isugue na unga kwa ncha za vidole. Usifinyange. Sugua mpaka iwe kama mchanga. Hivyo hivyo. Maji kidogo. Nimesema kidogo, baba! Kidogo ni hiki."

"Halafu anauacha upumzike."

"Hata chapati hupumzika. Na sisi tupumzike."

Nilitwanga mdalasini kwenye kinu kidogo, nikauchekecha, nikauchanganya na sukari mpaka ikawa rangi ya udongo wa Matombo baada ya mvua. Mama alichovya kidole, akakilamba, akatulia.

"Kumbe," alisema. Kisha akachovya tena.

Nilisukuma unga kwenye kibao. Mikidadi alipaka siagi, akanyunyiza sukari kwa uangalifu wa mtu anayepima mpaka wa shamba lenye kesi. Tulipoukunja, kama unavyokunja mkeka, vidole vyetu vilikutana katikati. Hakuondoa vyake. Na mimi sikuondoa vyangu. Mama alikohoa, tukakunja haraka.

Tulikata vipande, tukavipanga kwenye sufuria iliyopakwa siagi. Mama alipunguza moto chini, akafunika kwa mfuniko wa bati, akapalia makaa juu. Tukabaki tumechutama watu watatu kuizunguka sufuria kama wanaosubiri yai lianguliwe.

"Tufunue?" niliuliza.

"Bado," walisema wote wawili.

Harufu ilianza kutoka. Mdalasini nimeunusa maisha yangu yote, lakini huu ulikuwa mwingine. Ulikuwa na sukari inayoungua pembeni, siagi, na joto la mkate. Mwanaasha angekuwepo angesema ni dawa kweli.

"Hodi hapa!"

Tulikuwa tumesahau saa. Mjomba Abdulswamad alikuwa amesimama mlangoni mwa ua, kanzu imeingia tope chini, mkungu wa ndizi begani.

Mama alimpokea mkungu. Mimi nilimwamkia, Mikidadi akamwamkia. Mjomba aliitikia, macho yake yakihama kutoka kwa Mikidadi kwenda kwenye sufuria, kisha kwangu, kisha kwa mama.

"Dada, huyu ni nani?"

"Mgeni. Alikuja kupika."

"Amekodishwa?"

"Hapana, mzee," alisema Mikidadi. Alikuwa na unga mpaka masikioni. "Naitwa Mikidadi. Nimekuja kwa ajili ya Mwaisha. Najua na wewe umekuja kwa ajili yake. Sikutaka ukute nimejificha."

Mjomba aliketi kwenye kigoda taratibu. "Kwenu wapi?"

"Ujiji."

"Ujiji!" Mjomba aligeuka kwa mama. "Treni inalala njiani. Mwanetu akiugua huko nani atafika?" Akamrudia Mikidadi. "Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Unalijua hilo? Kwenu mtoto ni wa nani?"

"Kwetu ni wa baba."

"Sasa?"

"Sasa sijui, mzee. Ningekudanganya nikisema ninalo jibu. Leo nimeshadanganya mara moja, nimeona inavyouma."

Mjomba hakutegemea jibu hilo. Alivuta ndevu. Ndipo mama alipofunua sufuria.

Vipande vilikuwa vimevimba, vimefunguka kama maua, sukari imeyeyuka na kuganda kando. Vya katikati viliungua chini. Mama aliviweka kwenye sinia, akampa mjomba kwanza. Mjomba alikishika kipande kama mtu anayekagua bidhaa, akakigeuza, akanusa.

"Huu ni mdalasini wangu," alisema.

Akauma. Akatafuna polepole, macho chini. Akamaliza, akachukua kingine.

"Kimeungua," alisema na mdomo umejaa.

"Chini tu," alisema mama.

Alipomaliza cha pili alijifuta vidole kwa leso, akanigeukia. Uso wake haukuwa mkali. Ulikuwa umechoka na njia, na ulikuwa wa mtu anayenipenda. Hilo lilinifanya nitamani kulia.

"Mwanangu Mwaisha. Nimekuja kwa jambo moja. Abasi anasubiri kule. Unasemaje?"

Nilipiga magoti mbele yake.

"Mjomba, Abasi siwezi. Hana kosa. Namjua kama ninavyojua mkono wangu, na ndugu yangu atabaki kuwa ndugu yangu. Lakini sioni hamu ya kumjua zaidi. Nikiolewa naye nitamheshimu, nitampikia, nitamzalia, na kila siku nitakuwa namdhulumu."

"Kwa hiyo unamtaka huyu wa Ujiji."

"Simjui huyu wa Ujiji." Nilisikia Mikidadi akihema nyuma yangu. "Namjua tangu Alhamisi. Ni mwongo asiyejua kudanganya, na chini ya kitanda ana mdalasini wa kutosha harusi ya mji mzima. Zaidi ya hapo sijui. Lakini nataka kujua, mjomba. Naomba unipe nafasi ya kujua. Nikiona hafai, nitasema mwenyewe."

Mjomba alitazama milima kwa muda. Nilijua anaiona sura ya Abasi.

"Nitamwambia nini mwanangu?"

"Usimwambie kitu. Mimi nitampigia, leo hii. Jibu ni langu, nitalibeba mwenyewe."

Mjomba alikunja leso yake. Kisha akamnyooshea Mikidadi kidole. "Wewe. Mvua zimeanza, magome yanabanduka kirahisi. Jumamosi tunakata mdalasini, ukoo wote upo. Unaweza kupanda mlima?"

"Naweza, mzee."

"Barabara imekatika. Utashuka kwenye gari utembee. Na Abasi atakuwepo. Shamba ni lake pia. Atakutazama machoni, na hutapata pa kujificha."

"Nitakuja."

"Sijasema nimekubali," mjomba alisema. "Nimesema uje uonekane."

*

Nilimpigia Abasi nikiwa nimesimama nyuma ya nyumba. Nilimwambia yote bila kuzunguka.

"Ananizidi nini?" akauliza. "Mimi nina kasoro gani?"

"Huna, Abasi."

"Ingekuwa afadhali ningekuwa nayo," alisema, na sauti yake ilinikata. Kisha akashusha pumzi. "Sawa. Mwambie avae buti. Kule juu kuna utelezi." Akakata.

Nilifuta machozi kwa ncha ya khanga kabla ya kumsindikiza Mikidadi mpaka barabarani. Tulitembea tukiacha nafasi katikati yetu, kwa ajili ya majirani. Watoto walikuwa wakirudi madrasa. Nilimpa ujumbe wa Abasi kama ulivyo, neno kwa neno.

Alisimama. "Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo."

"Huyo ni mtu mzuri."

"Ni mtu mzuri sana. Nimemuumiza leo."

Mikidadi hakutafuta maneno ya kunifariji. Alisimama tu pamoja nami, na nikamshukuru moyoni kwa kutosema kitu.

"Naogopa Jumamosi," alisema baadaye.

"Hata mimi."

"Lakini hutabadilisha mawazo?"

"Sijui, Mikidadi. Uliza kingine."

Alinitazama, na macho yake yalikuwa yamejaa kitu ambacho hakikuwa na haraka yoyote. "Unapenda kuamka mapema au kuchelewa?"

Nilicheka katikati ya machozi. Hakuna mwanaume aliyewahi kuniuliza hivyo.

"Mapema," nilisema. "Na wewe?"

Akaanza kunijibu. Bodaboda ilisimama kando yetu, dereva akasubiri, akachoka, akaondoka.